Mkato Ambao Haukuwekwa

Simu ya Barnaba ilimkuta Stella darasani, kidato cha tatu, chaki mkononi na ubao umejaa sentensi za Kiingereza. Hakuwa na desturi ya kupokea simu akifundisha. Sheria hiyo aliiweka mwenyewe na wanafunzi waliijua. Lakini shemeji yake naye hakuwa mtu wa kupiga simu ovyo asubuhi ya kazi, na simu ilipoita tena kabla hata ule mlio wa kwanza haujasahaulika, aliliomba radhi darasa akatoka nje.

"Shemeji, njoo," Barnaba alisema. Sauti yake ilikatikakatika kama ya mtu aliyepandisha mlima na mzigo. "Huruma anaumwa sana. Matroni wa chuo ametuma ujumbe. Anasema hawakumpeleka hospitali kubwa kwa sababu hali yake imezidi kuwa mbaya."

"Anaumwa nini?"

"Tumbo, na homa, ndivyo mwenyewe alivyotuambia kwa simu wiki iliyopita. Kiingereza changu unakijua, lakini huo ujumbe wa matroni nimeuelewa. Kaka Reginald naye kasoma, kaelewa hivyohivyo. Maana yake hahamishiki tena, Stella. Njoo. Dada yako amekaa chini tangu asubuhi, hasemi na mtu."

"Mmempigia huyo matroni?"

"Tumepiga mpaka tumechoka. Haipatikani."

Stella alimwomba amtumie ule ujumbe ausome mwenyewe. Barnaba akajibu kwamba kwenye simu yake ya kitochi anajua kupiga na kupokea tu, na vijana wenye kujua mambo hayo wako mashambani wanaokota korosho. Ndipo Stella alipoona hakuna la kungoja.

Huruma alikuwa mtoto wa kwanza wa dada yake Magdalena, lakini nusu ya malezi yake yalikuwa mikononi mwa Stella. Miaka yote ya sekondari alikaa naye hapo Newala, wakilala chumba kimoja, wakigawana ndoo ya maji ya kuoga wiki ambazo bomba halikutoa hata tone. Kanisa lilipopata nafasi ya kumpeleka msichana mmoja kusomea uuguzi katika hospitali ya misheni huko Malawi, Stella ndiye aliyemfundisha Kiingereza cha usaili, jioni baada ya jioni, mpaka binti akawa anaota kwa Kiingereza na kulalamika asubuhi.

Mwalimu Abdulrazaki, waliyefundisha pamoja, alimwona uso tu akajua. Hakuuliza mengi. Alichukua chaki mkononi mwake, akaingia darasani, na kabla Stella hajamaliza kufunga mkoba alikuwa ameshampigia kijana wa bodaboda wa kumteremsha Chiungutwa, kwa dada yake.

Njia nzima Stella alikuwa akisali, lakini sala yenyewe haikukaa sawa. Kila alipoanza Baba Yetu alijikuta amerudi kwenye maneno ya Barnaba. Hawakumpeleka kwa sababu imezidi. Aliyaona macho ya Huruma, aliliona tumbo alilokuwa akilishika tangu utotoni kila alipoogopa mtihani, akajiuliza kama kuna mtu huko aliyemshika mkono. Upepo wa uwanda wa juu ulimpiga usoni mpaka walipoanza kuteremka, kisha joto la bondeni likawapokea pamoja na harufu ya mabibo yaliyoiva na kuanguka kando ya barabara. Mara mbili alimsimamisha dereva ili apige ile namba ya Malawi aliyotajiwa na Barnaba. Mara zote mbili alijibiwa na mashine.

Alipofika, uwanja wa Barnaba ulikuwa umeshajaa. Hilo lilimkata maini. Barnaba ni katekista, nyumba yake haikosi watu, lakini watu wa siku hiyo walikaa vingine. Akina mama walikuwa wametandika mikeka upande wa jikoni na kujifunga kanga viunoni, wanaume wamekaa kwenye benchi za kanisa zilizoletwa na mtu ambaye hakuagizwa. Hakuna aliyelia, ila kila mmoja alikuwa tayari kulia. Mama mmoja alikuja na unga kichwani, akautua taratibu mlangoni kama anayeona haya kuuleta mapema.

Reginald, kaka mkubwa wa Barnaba, alikuwa amekaa na ile simu mkononi. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole, na kwa kuwa ndiye aliyeaminiwa kwa Kiingereza, asubuhi yote alikuwa akimsomea kila aliyefika.

"Shikamoo, shemeji," Stella alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Pole kwa haya."

"Naomba nisome."

Alimpa. Kioo kilikuwa kidogo, maneno yakibidi kuteremshwa mstari kwa mstari. Stella alisimama pale pale juani akasoma:

"Dear parents of Huruma, greetings. Although she is weak, she can speak to us. She was not moved to the big hospital because she was getting worse. Please do not travel until I call you. That may take some time, as our network is poor. Matron Grace."

Alisoma mara ya kwanza kama mama, akaelewa kama walivyoelewa wote: binti ni dhaifu ila anaweza kuongea, hakupelekwa hospitali kubwa kwa sababu alikuwa anazidiwa, na wasisafiri mpaka wapigiwe simu, ambayo huenda ikachelewa kwa ubovu wa mtandao. Machozi yakamjaa. Akayafuta kwa mgongo wa mkono na kusoma tena, na safari hii, bila yeye kukusudia, alisoma kama mwalimu.

Sentensi ya tatu haikuwa na mkato.

Kwa mtu mwingine hilo lisingekuwa kitu. Lakini Stella alikuwa amekula miaka yake ya kazi akibishana na watoto wa watu juu ya kialama hicho, hata wakambandika jina la Madam Koma. Kila muhula aliwaambia: kishazi tegemezi kikitangulia, weka mkato kabla ya kuingia kwenye kishazi huru. Kikifuata nyuma, mara nyingi usiweke. Nao walisahau, wakapanda mikato kabla ya kila "because" kama wapandao mbaazi. Hapo ndipo alipowaonyesha hatari yake. Sentensi ikianza kwa kukanusha, ikafuatwa na "because", mkato ndio unaoamua. Ukiwepo, jambo halikutendeka, na sababu ni hii. Usipokuwepo, sentensi inaweza kumaanisha kwamba jambo lilitendeka, ila sababu yake si hii.

Usipokuwepo mkato, Matroni Grace alikuwa anasema kwamba Huruma amepelekwa hospitali kubwa, na kwamba hakupelekwa kwa ajili ya kuzidiwa.

Alimvuta Barnaba hadi nyuma ya jiko, Reginald akawafuata polepole na fimbo yake.

"Shemeji, nadhani tumeusoma vibaya ujumbe," Stella alinong'ona, akawaeleza.

Barnaba alimwangalia kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha kutoka chini. "Unasema mtoto wangu amehamishwa kwa kuwa hapa hakuna koma?"

"Nasema inawezekana."

Reginald alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaikaribisha. "Mwanangu," alisema, "kanuni hiyo naijua, hata mimi niliifundisha. Lakini watu wa siku hizi wanaandika kwenye simu bila nukta, bila herufi kubwa, bila chochote. Huenda aliisahau tu."

Lilikuwa jambo la kweli, nalo lilimchoma Stella kwa sababu ndilo aliloliogopa mwenyewe. Akaishika tena simu, akazirudia sentensi moja moja, kidole kikifuata.

"Tazama hapa, shemeji. 'Although she is weak', kisha mkato. Kishazi kimetangulia, naye ameweka. Hapa, 'until I call you', kimefuata nyuma, hakuweka. Na hapa mwisho, 'as our network is poor'. Kimefuata nyuma pia, lakini hapa ameweka, kwa sababu hiyo 'as' ni ya kutoa sababu tu, na bila mkato mtu angeweza kudhani ni ya wakati. Huyu si mtu wa kusahau. Huyu anaweka panapotakiwa na kuacha panapotakiwa. Kama angetaka kusema hatukumhamisha, sababu amezidiwa, angeweka."

Reginald alikifuata kidole chake mstari kwa mstari.

"Halafu kuna jambo jingine," Stella aliendelea. "Kwa nini aseme hakuhamishwa kwa sababu fulani, wakati sisi hatujasikia habari yoyote ya kuhamishwa? Ni kama anatutuliza juu ya jambo analodhani tunalijua. Labda kulikuwa na ujumbe mwingine kabla ya huu, haukufika."

"Inawezekana," Reginald alisema hatimaye. "Nakiri inawezekana kabisa. Lakini ni inawezekana tu, Stella. Ukimwambia mama yake, halafu ikawa sivyo, utakuwa umemzika mtoto mara mbili."

Barnaba alijishika kichwa. Yeye ndiye aliyezoea kuwapa watu matumaini, alikuwa akiyabeba nyumba kwa nyumba pamoja na Biblia yake, na sasa hakujua kama ana ruhusa ya kuyapokea. "Tungoje matroni apige," alisema. "Tusiseme."

Stella alikubali. Alikubali kwa mdomo. Ndani yake alijiona kama mtu aliyeficha chakula mbele ya mwenye njaa, na wakati huohuo kama mtu ambaye hana uhakika kama kile alichoficha ni chakula au ni udongo.

Alikwenda kukaa na dada yake chumbani. Magdalena alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, kitambaa cha kichwa kimefunguka na hajali. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha uji kilichoshika utando. Stella alimshika mkono, nao ulikuwa baridi kwenye joto lote lile.

"Mlikuwa mnaongea nini huko nyuma ya jiko?" Magdalena aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Mambo ya safari tu, dada."

"Usinidanganye. Nimekubeba mgongoni mimi. Ukidanganya unaangalia miguu yako."

Stella alikuwa anaangalia miguu yake. Akainua macho, na aliyekuwa mbele yake hakuwa mtu wa kufichwa wala wa kulindwa, alikuwa mama anayedai habari za mtoto wake. Akaona kwamba kumnyima ni dhambi kubwa kuliko kukosea.

"Dada, nitakuambia, lakini sina hakika. Unanisikia? Sina hakika."

"Sema."

"Ujumbe ule una njia mbili za kusomeka. Wote tumeusoma kwa njia moja. Mimi nadhani ni ile nyingine. Nadhani Huruma amehamishwa, yuko hospitali kubwa, na matroni anatuambia tusidhani kwamba amehamishwa kwa sababu amezidiwa."

Magdalena alimtazama bila kupepesa. "Maneno mamoja yatasemaje mambo mawili?"

Stella alitafuta namna. Kishazi tegemezi hakingefaa hapa. Akageuka mlangoni, ambako Barnaba alikuwa amesimama akisikiliza, na nyuma yake akina mama wawili watatu waliokuwa wamesogea.

"Shemeji," alisema, "hebu waambie watu hivi: sikumwoa Magdalena kwa sababu ya mikorosho ya baba yake."

Barnaba alishangaa, lakini akatii. "Sikumwoa Magdalena kwa sababu ya mikorosho ya baba yake."

"Haya. Dada, amekuoa au hajakuoa?"

"Amenioa!" Magdalena alisema, karibu akasirike. "Ila si kwa ajili ya mikorosho."

"Basi. Mbona amesema sikumwoa?"

Bibi mmoja mlangoni alicheka, akaziba mdomo kwa kanga, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka na kuwapitia wengine. "Na mikorosho ilikuwa mingi ile," alisema mwingine, "mwacheni aape!"

"Kwa mdomo tunaelewana," Stella alisema, "kwa sababu sauti inasimama au inapita. Kwenye maandishi ya Kiingereza, kusimama kwa sauti ni kialama kidogo, mkato. Angesimama baada ya hospitali, ingekuwa hakuhamishwa. Matroni hakusimama. Amepita moja kwa moja, kama Baba Huruma alivyopita."

Magdalena alikunja uso akifikiri. Midomo yake ilitembea. Alikuwa akiirudia ile sentensi ya mikorosho kimoyomoyo, mara akisimama, mara akipita.

"Kwa hiyo hicho kialama hakipo?"

"Hakipo, dada. Kingekuwepo, ningekaa hapa nilie na wewe."

Magdalena alivuta pumzi ndefu. Hakufurahi, hakuna mtu angeweza kufurahi kwa kitu chembamba kiasi hicho, lakini alifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akainuka, akatoka nje kukaa penye mwanga. "Nileteeni hiyo simu," alisema. "Ikae kwangu."

Ikakaa kwake, juu ya kanga, mapajani, kama kifaranga. Watu wote wakaingoja. Jua lilivuka juu ya mikorosho likaanza kulalia upande wa pili. Mtu alipendekeza wapande hadi kwenye kichuguu cha nyuma ya kanisa, ambako mtandao hushika zaidi, lakini Magdalena hakutaka kusogea akihofia simu itaita njiani. Stella alikaa pembeni yake, na kadiri muda ulivyopita ndivyo ile hoja yake iliyokuwa na nguvu nyuma ya jiko ilivyozidi kuwa nyepesi. Mkato! Mtu na akili zake anasimamisha msiba kwa mkato! Labda Matroni Grace alikuwa amechoka. Labda aliandika akiwa amesimama, mgonjwa anamwita.

Simu ililia, na kila mtu akaruka isipokuwa Magdalena. Aliitazama namba ngeni kwenye kioo, akampa Stella. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko ya mdogo wake.

"Hello?" Stella alisema. "Ndiyo, familia ya Huruma. Mimi ni mama yake mdogo."

Sauti ya mwanamke ilikuja na kupotea, Kiingereza cha polepole chenye lafudhi ya Kimalawi. Stella aliisikiliza akiwa ameziba sikio la pili. Watu waliuangalia uso wake kama wanaotazama wingu. Waliona akifumba macho, wakaona machozi yakitiririka, na mama mmoja aliyeanza kuweka mikono kichwani alizuiwa na jirani yake, kwa sababu chini ya machozi yale mdomo wa Stella ulikuwa unacheka.

"Amehamishwa!" alipaza sauti. "Alihamishwa juzi! Ni kidole tumbo. Wamempasua, amepasuliwa salama, ameamka!"

Hapo hapakusikika tena kitu. Vigelegele vilipasuka upande wa jikoni, Barnaba akapiga magoti mchangani alipokuwa, na Reginald akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Stella alilazimika kukimbilia nyuma ya nyumba ili asikie yaliyobaki. Matroni alikuwa anauliza, kwa mshangao, kama hawakupata ujumbe wake wa kwanza, ule wa kusema kwamba Huruma anapelekwa hospitali kubwa kwa kuwa daktari wa upasuaji wa misheni alikuwa safarini. Hawakuupata. Basi wakapata ule wa pili peke yake? Peke yake. Matroni Grace akasema kwa sauti ya masikitiko, "Mungu wangu, mlisoma nini?"

Stella alimwambia. Matroni aliomba radhi mara nyingi. Alisema sentensi ile aliiandika sawa, lakini haikupaswa kuandikwa hivyo. Habari ya mtoto wa mtu haitakiwi kutundikwa kwenye mkato. Angesema tu kwamba amehamishwa, na kwamba anaendelea vizuri. Stella, aliyekuwa na hoja zake zote tayari, aliona kwamba huyu mwanamke amesema jambo kubwa kuliko hoja zake, akamshukuru kwa moyo wote.

"Ngoja," Matroni alisema, "kuna mtu hapa anataka kuongea. Dakika moja tu, asichoke."

Stella alirudi mbio uwanjani akaibandika simu kwenye sikio la dada yake.

Hakuna aliyesikia kilichosemwa upande ule. Walimwona tu Magdalena akikaa wima. "Marahaba, mwanangu," alisema. "Marahaba. Marahaba." Alisema hivyo tena na tena, kama vile shikamoo ya siku zote ilikuwa imefika kwa pamoja. Kisha akauliza kama amekula, akaambiwa kitu, akagomba kidogo, na ile sauti yake ya kugomba ndiyo iliyowafanya akina mama waamini kuliko vigelegele vyote.

Baadaye, unga ulioletwa kwa ajili ya msiba ulisongwa ugali wa sherehe. Mtu alichuma kisamvu, mwingine akakamata jogoo wa Barnaba bila kuomba ruhusa. Zile benchi za kanisa hazikurudishwa, zikageuzwa meza.

Stella hakuwapo kwenye pilikapilika hizo. Barnaba alimkuta amekaa juu ya kinu kilicholala, nyuma ya jiko, uso ameuficha mikononi.

"Shemeji, nini tena?"

"Sikuwa na hakika," alisema Stella. "Nilimwambia, na sikuwa na hakika."

"Tuliona."

"Mliona?"

"Ulikuwa unakata kucha kwa meno," Barnaba alisema. "Lakini dada yako aliinuka sakafuni. Tangu asubuhi nilikuwa nimemsomea Zaburi, hakuinuka." Alimnyooshea mkono, akamsimamisha. "Twende ukale."

Magdalena alikuwa ameshaanza. Alikula bila kuongea, tonge baada ya tonge, mchuzi ukimchuruzika mkononi, akasukuma sahani mbele aongezewe. Kabla hajaimaliza ile ya pili, kichwa kilimwinamia begani kwa bibi aliyekaa naye, akalala hapohapo, katikati ya watu na makelele, na kipande cha mwisho cha yule jogoo kikipita mikono kwa mikono juu yake. Stella aliichukua sahani kwenye mapaja yake taratibu, akamfunika miguu kwa kanga, akaketi karibu naye kula kilichobaki.